Sidney Bechet: Alifukuzwa Mara Mbili, Leo Ana Sanamu Ufukweni

Nimeombwa niandike kuhusu mtu mweusi aliyetutangulia huku ughaibuni akaacha jina. Najua wengi mngetarajia mwanasiasa au profesa. Mimi nimemchagua mpiga klarineti na saksafoni, Sidney Bechet, ambaye Wafaransa humtamka Beshe. Nimemchagua kwa sababu mambo yaliyompata ndiyo hayo hayo yanayotunyima usingizi sisi: ruhusa ya kukaa, polisi, kubeba boksi, na lile swali la nani atakuthamini, watu wa kwenu au watu wa ugenini.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Ukimtajia mzee wako jazi, atakuhesabia Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Mzee wa Kinshasa atakutajia OK Jazz ya Franco. Hizo zote ni bendi za dansi na magitaa ndiyo yanayoongoza. Kwetu neno hilo lilishika kama jina la bendi ya kisasa. Jazi ya kina Bechet ndiko neno lilikotoka: muziki wa watu weusi wa New Orleans, kusini mwa Marekani, ambapo tarumbeta, klarineti na tromboni hupokezana na kupishana kwa wakati mmoja, kila mmoja akibuni sehemu yake papo hapo, na bado wimbo hauvunjiki.

Bechet alizaliwa New Orleans tarehe 14 Mei 1897, katika familia ya Wakrioli, yaani watu weusi wenye asili na utamaduni wa Kifaransa. Baba yake alikuwa fundi viatu. Klarineti ya kwanza aliyoishika haikuwa yake, ilikuwa ya kaka yake Leonard, ambaye baadaye alikuja kuwa daktari wa meno. Mdogo mtu alijifunza kwa kusikiliza tu. Wakubwa wa mjini walijaribu kumfundisha kusoma nota, lakini hakushikika, na maisha yake yote alipiga kwa sikio. Akiwa kijana mdogo alikuwa tayari anapiga na bendi za watu wazima.

Mwaka 1919, akiwa na miaka 22, alivuka bahari kuja London na bendi kubwa ya Will Marion Cook iliyoitwa Southern Syncopated Orchestra. Hapo ndipo dunia ilipoanza kumsikia. Ernest Ansermet, Mswisi aliyekuwa kiongozi wa okestra za muziki wa kitaalamu, alikwenda kuwasikiliza, akaandika makala ya kumsifu kijana huyu na kuona kwamba njia anayopita huenda ndiyo dunia itakayoifuata kesho. Hebu fikiria: mtu asiyesoma nota anaandikiwa sifa na bwana mkubwa wa nota. Mwaka huo huo, Bechet na wenzake walipiga mbele ya Mfalme George wa Tano katika kasri la Buckingham.

London ndiko alikonunua chombo kilichompa sauti yake: saksafoni ya soprano, ile iliyonyooka kama klarineti lakini ya shaba. Niseme kidogo kama mhandisi. Chombo hiki ni kikorofi. Bomba lake ni fupi, na bomba likiwa fupi, kosa dogo la midomo au la pumzi linatosha kuitoa sauti mahali pake. Wapigaji wengi wa enzi zile walikikwepa. Bechet alikishika kwa nguvu, akaitetemesha sauti kwa upana, hata ukisikia sekunde tano tu unajua ni yeye. Waliokuja baadaye na soprano, hata John Coltrane, walikuta njia imeshachimbwa.

Basi, hapo ungesema kijana ametoka. Lakini mwaka 1922 alikamatwa London kwa kumshambulia mwanamke. Mahakama ikamtia hatiani, akafungwa kifungo kifupi, kisha akapakiwa melini na kurudishwa Marekani. Kutoka kasri la mfalme hadi meli ya waliofukuzwa ilikuwa miaka mitatu tu. Zile sifa za Ansermet hazikumsaidia kitu mbele ya hakimu.

Nyumbani hakukaa bure. Mwaka 1923 alirekodi New York na kundi la Clarence Williams, na rekodi zile wanahistoria wa muziki wanazihesabu kati ya za mwanzo zenye solo ya jazi iliyokamilika. Mwaka uliofuata aliingia studio na kijana mwingine wa New Orleans, Louis Armstrong. Ukizisikiliza santuri hizo utasikia majogoo wawili katika zizi moja, hakuna anayekubali kushindwa.

Mwaka 1925 alivuka tena, safari hii kwenda Paris, katika onyesho la La Revue Nègre lililomtoa Josephine Baker, aliyekuwa na miaka 19. Ufaransa ilimpenda. Akazunguka Ulaya, akafika hadi Urusi mwaka 1926. Lakini hasira aliyotoka nayo London alikuwa hajaiacha. Alfajiri moja ya Desemba 1928, mtaa wa Montmartre, aligombana na mwanamuziki mwenzake Mike McKendrick. Wote wawili walikuwa na bastola, zikafyatuliwa. Waliojeruhiwa ni watu wengine, akiwemo mwanamke aliyekuwa akipita njia tu. Bechet alikaa gerezani karibu mwaka mzima, na mwaka 1929 alifukuzwa Ufaransa. Nchi ya pili hiyo.

Hapa ndipo ninapoomba tusome taratibu. Kuanzia 1929 hadi aliporudi kwa heshima ni miaka 20. Miaka hiyo hakuna anayeichorea picha, lakini ndiyo iliyoamua kila kitu.

Alipita Berlin kwanza, kisha akarudi Marekani na kukuta uchumi umeanguka. Mwaka 1932 aliunda kundi na mpiga tarumbeta Tommy Ladnier, wakarekodi vizuri sana, lakini santuri hazikuleta mkate. Mwaka 1933 wawili hao wakafungua kibanda cha ushonaji Harlem. Bechet alipiga pasi na kutengeneza nguo za watu, Ladnier alipiga viatu rangi. Mtu aliyempigia mfalme wa Uingereza sasa anapiga pasi suruali za majirani! Sisi tunaoamka saa kumi usiku kwenda kufagia maofisi kabla ya kuingia maabara tunaijua hali hiyo. Kilichonigusa ni kwamba vyombo havikuuzwa. Jioni, nyuma ya duka, walikuwa wakipiga muziki na wenzao waliopita kuwasalimia.

Mlango ulianza kufunguka tena mwaka 1939. Kampuni changa ya Blue Note, iliyoanzishwa na Mjerumani mhamiaji Alfred Lion, ilimrekodi akipiga Summertime, wimbo wa George Gershwin, na santuri hiyo ikawa ya kwanza ya kampuni kuuzika sana. Miaka miwili baadaye, Aprili 1941, alifanya jambo ambalo kila mwanafunzi wa uhandisi anapaswa kulijua. Alirekodi wimbo mzima peke yake kwa vyombo sita: klarineti, saksafoni mbili, piano, besi na ngoma. Enzi zile studio hazikuwa na kanda za njia nyingi wala kompyuta. Alirekodi chombo cha kwanza kwenye sahani, sahani ikachezwa huku yeye akipiga cha pili, vyote viwili vikaingia sahani nyingine, na kuendelea. Kila mara unaponakili hivyo, sauti ya mwanzo hufifia na mikwaruzo huongezeka, na ukikosea chombo cha tano unarudia. Leo kijana anafanya kazi hiyo chumbani kwa kompyuta yake ya mkononi. Bechet aliifanya kwa masikio na subira.

Mei 1949 alialikwa kwenye tamasha kubwa la jazi mjini Paris, lile lile walilopiga Charlie Parker na Miles Davis. Vijana wa Kifaransa walimshangilia kupita kiasi. Nchi iliyomtoa gerezani na kumfukuza sasa ilimfungulia mlango, naye akahamia moja kwa moja. Agosti 1951 alimwoa Elisabeth Ziegler, Mjerumani aliyemfahamu tangu miaka ya 1920, na harusi ilifanyika Antibes, kusini mwa Ufaransa kwenye pwani ya Mediterania. Haikuwa harusi ya watu wawili. Bendi ziliandamana barabarani, watu wakajaa kama siku ya Idi.

Mwaka 1952 akatoa Petite Fleur, wimbo aliotunga mwenyewe. Oktoba 1955, katika ukumbi wa Olympia mjini Paris, onyesho la bure la kusherehekea mauzo ya santuri zake lilivuta vijana wengi hadi viti vikavunjwa. Mapema mwaka 1959 bendi ya Chris Barber iliupandisha wimbo ule wa Petite Fleur hadi nafasi ya 3 kwenye chati za hapa Uingereza. Yaani nchi iliyomfukuza mwaka 1922 ilikuwa ikipiga mluzi wimbo wake mitaani. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa saratani ya mapafu. Alifariki karibu na Paris tarehe 14 Mei 1959, siku aliyotimiza miaka 62.

Mwaka uliofuata, Julai 1960, Antibes na kitongoji chake cha Juan-les-Pins walianzisha tamasha la jazi kwa kumbukumbu yake, na sanamu ya kichwa chake ikawekwa pale pale kwenye bustani ya misonobari kando ya ufuko. Tamasha hilo lipo hadi leo. Charles Mingus alipiga mwaka huo wa kwanza. Ella Fitzgerald, mwaka 1964, aliposikia nyenje wa kwenye misonobari wakimpigia kelele, aliwatungia wimbo papo hapo jukwaani. Coltrane alipiga A Love Supreme hapo mwaka 1965.

Mimi na mwenzangu wa Kisumu tulifika huko Julai moja, tukitokea Nice kwa treni. Jukwaa limeipa bahari mgongo, kwa hiyo wewe uliyekaa unawaona wanamuziki na nyuma yao maji yanayobadilika rangi jua linapozama. Tiketi kwa mfuko wa mwanafunzi si mchezo, lakini waliokosa walitandika taulo mchangani na kusikiliza bure, na upepo uliwaletea karibu kila kitu. Nyenje wapo bado. Mpiga saksafoni alipoingia Petite Fleur, wazee waliokuwa mbele yetu waliacha kuzungumza, na bibi mmoja akaufuatisha kwa sauti ya chini mpaka mwisho, na mguu ukigonga chini.

Pale kwenye sanamu tulibishana. Mwenzangu aliuliza inakuwaje mtu aliyefungwa katika nchi hii kwa kupiga risasi barabarani atengenezewe kichwa cha shaba, na yule mwanamke mpita njia aliyejeruhiwa asiwe na hata kibao. Swali lake ni la haki, na sikutaka kulipunguza kwa kusema ah, ndiyo wasanii. Muziki wa Bechet haufuti damu ya Montmartre, wala aliyoyafanya London. Nilichomjibu ni kwamba Wafaransa hawakusahau gereza. Walimsikiliza tena baada ya miaka 20, na alichowaletea kilikuwa kikubwa kuliko alichoondoka nacho.

Nawaambia haya wenzangu kwa sababu sisi tuko hapa kwa karatasi. Mwenzetu mmoja, kichwa kizuri kuliko vyetu, alirudishwa nyumbani akiwa amebakiza muhula mmoja, kwa ugomvi wa usiku mmoja nje ya klabu. Wengi tulidhani alama zake zingemkinga. Bechet angetwambia vingine: sifa za Ansermet na kasri la mfalme havikumkinga hata wiki moja. Hasira ya dakika tano ilimla miaka. Tena alikuwa na bahati ya kuishi miaka ya kutosha kurudi, bahati ambayo Ladnier, rafiki yake wa kibandani, hakuipata, kwani alifariki mwaka 1939.

Lakini pia asije mtu akasema ukishafukuzwa umekwisha. Huyu mzee alirudi mlangoni akiwa na sauti ile ile ya New Orleans aliyoondoka nayo, ila imekomaa. Hakuibadilisha ili imfurahishe mwenyeji. Alipiga pasi mchana na kupiga klarineti usiku, na siku alipoitwa Paris hakuhitaji kuanza upya. Wewe unayebeba boksi na huku tasnifu imelala chini ya kitanda, hata ukurasa mmoja kwa usiku, usiache.

Mwenye kutaka kumsikia aanze na Summertime ya 1939, kisha ule wimbo wa vyombo sita wa 1941, The Sheik of Araby, mwisho Petite Fleur. Na mwenye nauli Julai akipita kusini mwa Ufaransa, ashuke kituo cha Juan-les-Pins. Taulo tu linatosha.

Nawatakia mitihani mepesi. Tukutane toleo lijalo.