Askofu aliyeiona dhambi kwenye malipo ya wachuma kahawa

Oscar Romero alizaliwa mwaka 1917 Ciudad Barrios, mashariki mwa El Salvador, nchi iliyoishi kwa kuuza kahawa nje. Alijifunza useremala, akaingia seminari, akapewa upadri Roma mwaka 1942. Aliporudi alitumika San Miguel zaidi ya miaka 20, padri mpole asiyetaka ugomvi na wakubwa. Dhambi kwake lilikuwa jambo la mtu na Mungu wake.

Mwaka 1974 akawa askofu wa Santiago de María. Wengi husimulia kwamba aligeuka ghafla baadaye, lakini mabadiliko yalianzia huku. Msimu wa mavuno vibarua walifurika mjini kuchuma kahawa, usiku wakalala nje kwenye baridi. Romero akawafungulia majengo ya kanisa. Kisha akagundua kuwa wenye mashamba, Wakatoliki wenzake, waliwalipa chini ya kiwango cha sheria.

Kosa hilo halikuwa la tajiri mmoja kwenda kuungama yakaisha. Lililindwa na serikali na bunduki. Tangu mkutano wa maaskofu wa Medellín mwaka 1968, wanateolojia wa ukombozi walifundisha kwamba dhambi hukaa hata ndani ya mfumo wa nchi, na kwamba mateso ya maskini si mapenzi ya Mungu. Romero, aliyewashuku sana watu hao, sasa alikuwa ameyaona kwa macho.

Februari 1977 akawa askofu mkuu wa San Salvador. Machi 12 rafiki yake, padri Rutilio Grande, aliuawa barabarani pamoja na mzee na kijana. Siku nane baadaye Romero alifuta misa zote za jimbo, ikabaki moja tu ya kanisa kuu. Mahubiri yake redioni yakawa yanataja majina ya waliouawa na waliopotea. Waasi nao aliwalaumu walipoua.

Machi 23, 1980 aliwaamuru askari waache kuua wananchi. Kesho yake alipigwa risasi akiadhimisha misa katika hospitali ya wagonjwa wa saratani, alikokuwa akiishi. Mwaka 1993 tume ya Umoja wa Mataifa ilimtaja Roberto D'Aubuisson, meja wa zamani, kuwa ndiye aliyetoa amri. Alikuwa ameshakufa mwaka uliotangulia, bila kuhukumiwa.