Williamina Fleming: Mfanyakazi wa ndani aliyegundua Kichwa cha Farasi angani

Usiku usio na mawingu, kati ya Desemba na Machi, msikilizaji wetu akitoka nje ya nyumba anaweza kuona nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja. Ziko katika kundi la nyota linaloitwa Orioni. Karibu na ile inayochomoza mwisho kati ya hizo tatu kuna wingu jeusi la vumbi na gesi, lenye umbo la kichwa cha farasi. Wataalamu huliita Nebula ya Kichwa cha Farasi. Nebula ni wingu kubwa la gesi na vumbi lililo mbali sana, huko ziliko nyota.

Wingu hilo halionekani kwa macho matupu, na hata kwa darubini ni vigumu kuliona. Mtu wa kwanza kulitambua ni mwanamke aliyeanza maisha yake Marekani kama mfanyakazi wa ndani. Hakuliona angani. Aliliona kwenye picha. Katika makala haya tunasimulia maisha ya Williamina Fleming.

Kutoka Dundee hadi Boston

Williamina alizaliwa tarehe 15 Mei 1857 katika mji wa Dundee, Scotland. Baba yake, Robert Stevens, alikuwa fundi wa kuchonga fremu na kuzipaka rangi ya dhahabu. Alifariki binti yake akiwa na umri wa miaka saba. Alipofika miaka 14, Williamina alianza kufundisha shuleni huku yeye mwenyewe akiendelea kusoma.

Mwaka 1877 aliolewa na James Fleming, na mwaka uliofuata wakahamia Boston, Marekani. Ndoa haikudumu. Mumewe alimwacha akiwa mjamzito, katika nchi ya ugeni. Akatafuta kazi, akaipata nyumbani kwa Profesa Edward Pickering, mkuu wa kituo cha kuchunguza nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard.

Alirudi kwao Dundee kujifungua, na mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka 1879 akapewa majina ya profesa huyo. Kisha Williamina akarejea Boston, na mwaka 1881 akaajiriwa rasmi katika kituo cha Harvard, kwanza kwa kazi za kuandika na kupiga hesabu.

Picha zilipigwaje?

Ili tuelewe kazi yake, kwanza tuelewe jinsi nyota zilivyopigwa picha. Wakati huo hapakuwa na kamera za kidijitali. Mpiga picha alichukua kioo chembamba kilichopakwa dawa yenye madini ya fedha, ambayo hubadilika inapopigwa na mwanga. Kioo hicho kiliwekwa kwenye darubini na kuachwa kikipokea mwanga kwa muda mrefu.

Jicho la binadamu haliwezi kuweka akiba ya mwanga. Ukitazama kitu hafifu kwa saa nzima, hakiongezeki kung'aa. Kioo cha picha ni tofauti: hukusanya mwanga kidogo kidogo, kama pipa linavyojaa kwa matone ya mvua. Lakini dunia inazunguka, kwa hiyo nyota huonekana zikihama. Ndiyo maana darubini ilifungwa mtambo kama wa saa ili izifuate taratibu. Bila hivyo kila nyota ingetoka kama mstari.

Baada ya hapo kioo kilipelekwa chumba cha giza na kusafishwa kwa dawa. Kilichopatikana ni picha ya kinyume, yaani negativu. Nyota zilikuwa nukta nyeusi, na mahali penye giza angani palikuwa peupe.

Vioo hivyo vilikuwa vingi mno, na Profesa Pickering aliajiri wanawake kuvichunguza. Williamina akawa kiongozi wao. Walikaa mchana kutwa na vioo vya kukuzia, wakipima na kuandika. Katika kazi hiyo alizipanga nyota zaidi ya 10,000 katika makundi kulingana na mwanga wake. Orodha hiyo ilichapishwa mwaka 1890.

Kioo namba B2312

Mwaka 1888 aliletewa kioo kilichoandikwa namba B2312. Picha ilikuwa imepigwa na William Pickering, mdogo wake profesa, kwa kuacha kioo kipokee mwanga kwa dakika 90. Karibu na nyota ile ya Orioni kulikuwa na ukanda hafifu wa gesi inayong'aa. Williamina aliona kwamba upande mmoja wa ukanda huo umeingia ndani, kana kwamba umemegwa. Angeweza kudhani ni doa la dawa au kasoro ya kioo. Yeye alipima ukubwa wake, akaandika mahali pake.

Leo tunajua kwamba pengo lile ni vumbi zito linalozuia mwanga wa gesi iliyo nyuma yake. Wingu hilo liko mbali kiasi kwamba mwanga unaotoka huko hutumia zaidi ya miaka 1,000 kutufikia.

Hata hivyo, sifa haikumfikia aliyestahili. Orodha kubwa ya nebula iliyotolewa mwaka 1895 iliandika ugunduzi uliofanywa Harvard kwa jina moja tu, Pickering. Jina la Fleming halikutajwa. Ni katika orodha iliyofuata, ya mwaka 1908, ndipo mchango wake ulipotambuliwa.

Mshahara nao ulimuuma. Mwaka 1900 aliandika katika shajara yake kwamba alilipwa dola 1,500 kwa mwaka, huku wasaidizi wanaume wakipata 2,500. Alikuwa na mwana wa kusomesha, na alimsomesha peke yake hadi akawa mhandisi wa madini.

Heshima na mwisho wake

Mwaka 1899 Harvard ilimpa rasmi cheo cha mtunzaji wa picha za anga, na mwaka 1906 Chama cha Kifalme cha Wanajimu cha London kikamfanya mwanachama wa heshima. Katika maisha yake aligundua nebula 59, nyota zinazobadilika mwanga zaidi ya 300, na nyota 10 zilizowaka ghafla. Alifariki kwa nimonia mjini Boston tarehe 21 Mei 1911, akiwa na umri wa miaka 54.

Harvard bado inatunza vioo vyake vya zamani, zaidi ya nusu milioni, na wataalamu wanaendelea kuvitumia kuona anga lilivyokuwa zamani. Kwa sababu kila kioo kilipewa namba na kila alichokiona aliandika, haki yake iliweza kuthibitishwa baadaye. Ukiziona zile nyota tatu usiku, wingu lenyewe hutaliona, lakini sasa unajua liko wapi na nani alilitambua kwanza.