Cyril Jackson, mtu aliyeipeleka Katanga angani

Katika mtaa wa Kilibula, mjini Uvira, wavuvi wa ndagala wanajua usiku gani ni wa kazi. Mwezi ukijaa, taa za mitumbwi hazivuti samaki vizuri, na wengi wanabaki nyumbani. Giza likirudi, wanaingia tena ziwani. Muzungu mmoja wa Johannesburg, Afrika ya Kusini, alikuwa anangojea giza sawa vile. Ila yeye alikuwa anavua mawe ya angani. Jina lake ni Cyril Jackson, na jiwe moja kati ya yale aliyoyapata linaitwa Katanga mpaka leo.

Jackson alizaliwa mwaka wa 1903 huko Ossett, Uingereza. Mwaka wa 1911, akiwa bado mtoto, jamaa yake ilihamia Afrika ya Kusini. Alisoma kwenye chuo kikuu cha Witwatersrand, halafu mwaka wa 1928 akaanza kazi katika kituo cha serikali cha kuchunguza nyota, kule Johannesburg.

Kazi yenyewe ilihitaji uvumilivu. Unapiga foto ya sehemu moja ya anga kwenye kioo, unangojea, unapiga tena. Kisha vioo viwili vinatiwa kwenye mashine inayoonyesha kimoja, halafu kingine, haraka haraka. Nyota zinabaki pale pale. Kitu kinachoruka toka huku kwenda kule si nyota: ni jiwe linalozunguka jua. Wataalamu wanaliita asteroidi.

Kwa njia hiyo Jackson alivumbua asteroidi 72. Nyingi zikapata majina ya Afrika: Kenya na Uganda za mwaka wa 1933, Ruanda ya mwaka wa 1935, iliyoandikwa kwa namna ya zamani, kisha Mombasa, Pemba na Ruvuma za mwaka wa 1937. Tarehe 20 Juni 1939 akapata ile ya Katanga, wakati jimbo lenyewe lilikuwa chini ya Ubelgiji. Miezi michache tu, vita ikaanza na kazi yake ikakatika. Na jiwe lisipofuatwa linapotea, kwa sababu lazima lionekane katika miaka tofauti ili njia yake ijulikane. Katanga lilipata namba yake, 1817, miaka mingi baada ya vita.

Lakini kujua njia ya jiwe si kujua jiwe lenyewe. Hilo lilionekana wazi mwaka wa 1931, wakati asteroidi Eros ilipita karibu na dunia, kwenye umbali wa kilometa milioni 26 hivi. Wenzake Jackson wawili wa kituo kile kile, van den Bos na Finsen, waliiangalia kwa darubini kubwa. Waliona si ya mviringo. Ni ndefu, na inajizungusha. Mzunguko mmoja unachukua masaa 5 na dakika 16.

Fikiria mtumbwi unaozunguka polepole mbele ya macho. Ukitoa ubavu, unaonekana mkubwa. Ukitoa ncha, unaonekana mdogo. Jiwe refu nalo ni vile: mwangaza wake unapanda na kushuka mara mbili katika kila mzunguko. Ukiupima usiku kucha, unapata masaa yake, hata kama kwenye darubini ni nukta tu.

Rangi inapimwa kwa kupitisha mwangaza huo kwenye vioo vya rangi, cha buluu, cha kijani, chekundu, na kulinganisha. Jiwe la miamba linaelekea wekundu, kama Eros. Lenye kaboni nyingi ni jeusi sana. Vipimo hivi vina maana kubwa kwa mawe yanayopita karibu na dunia: siku moja likija moja la kutugonga, lazima ijulikane limeumbwa na nini na linajizungusha namna gani.

Mawe yenye majina ya huku kwetu hayana hatari, yanakaa mbali, kati ya Marsi na Jupiteri. Nayo yamepimwa, lakini miaka mingi baada ya Jackson kuyavumbua. Katanga linajizungusha kwa masaa 8 na nusu hivi. Kenya ni zito kama mzee: karibu siku nane kwa mzunguko mmoja.

Mwaka wa 1947 Jackson aliacha kituo kile. Baadaye alifanya kazi Australia na Argentina, akafariki mwaka wa 1988. Asteroidi namba 2193 inaitwa Jackson.

Mwaka wa 2015 jimbo la Katanga lilikatwa mara nne, na upande wa ziwa, Kalemie mpaka Moba, ukaitwa Tanganyika. Angani jina halikubadilika. Na vipimo vingi vya mawe kama hayo vinafanywa siku hizi na watu wasiolipwa, wenye darubini ndogo na kamera, usiku ule ule ambao wavuvi wa Kilibula wako ziwani. Giza huku lipo. Kinachokosekana ni darubini na kijana wa kukesha nayo.