Jim Reeves na wimbo uliokuwa upande wa pili wa santuri

Kila tunapopiga nyimbo za kantri, jina linaloongoza kwenye meseji zenu ni Jim Reeves. Wengi mnaomwomba hamkuwa mmezaliwa alipofariki mwaka 1964. Leo tunaeleza alikuwa nani, na jinsi wimbo wake He'll Have to Go ulivyopanda chati wakati haukuwa hata umewekwa mbele.

Alizaliwa tarehe 20 Agosti 1923 huko Galloway, kijiji cha wakulima mashariki mwa Texas, Marekani. Baba yake alifariki yeye hajatimiza mwaka, mama akabaki na watoto na kazi ya shamba. Kijana alitaka kucheza besiboli, akasajiliwa na Cardinals wa St. Louis kwenye timu zao ndogo. Mwaka 1947 aliumia mshipa wa fahamu wa mguu akirusha mpira, na mchezo ukaishia hapo. Akaenda redioni.

Ndiyo, alikuwa mtangazaji kama sisi. Akiwa kituo cha KWKH mjini Shreveport, inasimuliwa kwamba jioni moja mwaka 1952 msanii aliyepangwa kwenye onyesho la Louisiana Hayride hakutokea, ikabidi Reeves apande jukwaani kuziba pengo. Mwaka uliofuata wimbo wake Mexican Joe ukawa namba moja kwenye chati ya kantri.

Wakati huo bado alikuwa akiimba kwa nguvu, kama wenzake. Mwaka 1957, akirekodi Four Walls na Chet Atkins huko Nashville, alishusha sauti na kusogeza midomo karibu kabisa na kipaza sauti. Mtangazaji yeyote anaijua siri hiyo: ukisogea karibu huna haja ya kupaza sauti, na msikilizaji anahisi unaongea naye peke yake.

Mwishoni mwa 1959 kampuni ya RCA ilitoa santuri yake mpya. Wimbo uliotegemewa ni In a Mansion Stands My Love. Upande wa pili uliwekwa He'll Have to Go, uliotungwa na Joe na Audrey Allison, mtu na mkewe. Ni habari ya mwanaume aliye baa, anampigia simu mwanamke wakati mwanaume mwingine yuko naye, akimtaka aamue. Watangazaji wa redio wakaigeuza santuri. Februari 1960 wimbo ukashika namba moja ya kantri na kukaa hapo wiki 14. Kwenye chati ya nyimbo zote ulifika namba mbili, ukizuiwa na muziki wa Percy Faith usio na maneno hata moja. Kwetu sisi, hiyo namba mbili ndiyo kubwa zaidi, maana huko waimbaji wa kantri hawakuwa wakifika kirahisi.

Tarehe 31 Julai 1964 Reeves alikuwa akirusha ndege yake ndogo kurudi Nashville, akiwa na mpiga piano wake, Dean Manuel. Waliingia kwenye mvua ya radi. Ilichukua siku mbili za kupekua msitu kuwapata, wote wamekufa. Reeves alikuwa na miaka 40.

Mkewe, Mary, aliendelea kutoa rekodi alizoziacha. Mwaka 1966 Distant Drums ulikaa namba moja Uingereza kwa wiki tano. Mwenyewe alikuwa ameshazikwa Carthage, Texas, si mbali na kijiji alikozaliwa.