Vidinić, golikipa aliyefundisha Leopards kushambulia

Tunapozungumza habari ya Leopards wa 1974, majina yanakuja haraka: Ndaye Mulamba, Kakoko, Bwanga, Kidumu, Kazadi. Yule aliyesimama pembeni ya kiwanja tunamsahau, ao tunamkumbuka kwa ubaya. Ni Blagoje Vidinić. Tumeona ni vizuri kusimulia maisha yake, juu kazi yake inafundisha hata vijana wetu wanaocheza jioni wakisha kutoka kwenye mashimo.

Alizaliwa mwaka wa 1934 huko Skopje, katika inchi iliyoitwa Yugoslavia. Alikuwa golikipa. Mwaka wa 1960 alilinda goli la Yugoslavia katika fainali ya kwanza ya Kombe la Ulaya, pale Paris, wakapigwa na Urusi 2-1. Mwaka uleule alikuwa katika ekipi iliyopata medali ya zahabu ya Olimpiki kule Roma. Kisha alicheza Uswisi na Marekani.

Alipoacha kucheza akaja Afrika. Mwaka wa 1970 aliongoza Maroko katika Kombe la Dunia la Mexico. Wale Wamaroko walitangulia kufunga Ujerumani Magharibi, wakapigwa 2-1 mwishoni. Lakini walipata sare ya 1-1 na Bulgaria, na hiyo ndiyo pointi ya kwanza ya Afrika katika Kombe la Dunia.

Kisha akaja kwetu, wakati inchi iliitwa Zaire. Kila mwalimu anayepanga namna ya kushambulia anakuta njia mbili. Ya kwanza ni kukimbia na mpira mguuni, kupita watu. Ya pili ni kupasa, mpira utembee kuliko mtu. Sisi wa mashimoni tunaelewa. Kijana mwenye nguvu anaweza kubeba mfuko peke yake mpaka juu, lakini akichoka njiani, kazi yote inasimama. Watu wakipanga mstari na kupitishiana mkono kwa mkono, mzigo unafika. Lakini mstari bila mtu wa nguvu, pale penye mteremko mkali, nao unakwama. Lazima vyote viwili.

Mwaka wa 1973 Zaire ilipiga Maroko 3-0 mjini Kinshasa, na ikawa ekipi ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kwenda Kombe la Dunia. Vidinić alikuwa amewapiga wachezaji wa inchi aliyoifundisha zamani.

Mwezi wa tatu 1974 walikuwa Misri kwa Kombe la Afrika. Haikuwa rahisi. Walipigwa 2-1 na ndugu zetu wa Brazzaville. Katika nusu fainali Misri ilitangulia 2-0 mbele ya watu wake. Ekipi ya kukimbiakimbia ovyo ingekufa pale. Leopards walirudi, wakashinda 3-2. Fainali na Zambia ikaisha 2-2, ikarudiliwa siku mbili nyuma, wakashinda 2-0. Ndaye alifunga magoli yote manne ya mechi zile mbili. Jumla 9 katika kombe moja, na mpaka leo hakuna aliyemfikia. Sisi tunasema miguu ilikuwa ya Ndaye, lakini mtu hafungi 9 kama wenzake hawamletei mpira.

Halafu ikaja Ujerumani. Mechi zilichezwa Dortmund na Gelsenkirchen, miji ya wachimbaji wa makaa. Scotland iliwapiga 2-0 tu, na Leopards walicheza bila woga. Lakini nyuma ya pazia, wachezaji walikuwa wanangoja prime zao, wakaambiwa hakuna kitu. Nani asiyejua namna gani mikono inalegea mtu akisha kujua kama hatalipwa?

Tarehe 18 mwezi wa 6 walikutana na Yugoslavia, inchi ya Vidinić mwenyewe. Goli 3 ziliingia mbele ya dakika ya 20. Kazadi akatolewa, akaingia Tubilandu. Ndaye akapewa kadi nyekundu kwa kosa la mwenzake. Ikaisha 9-0. Watu wakasema Vidinić ameuza mechi kwa ndugu zake. Inasimuliwa kwamba amri ya kumtoa Kazadi ilitoka kwa mkubwa wa serikali. Sisi tunaona hivi: ekipi iliyovunjika moyo haikimbii, wala haipasi. Hakuna mpango wa mwalimu unaoshinda njaa na hasira. Siku nne nyuma Brazil iliwafunga 3-0, wakarudi nyumbani.

Vidinić alikwenda kufundisha Colombia, kisha akaishi Ufaransa. Alikufa mjini Strasbourg tarehe 29 mwezi wa 12, 2006, akiwa na miaka 72.

Lile Kombe la 1974 ndilo la mwisho Congo kulibeba katika Kombe la Afrika. Kwa hiyo tusimpime yule mzee kwa dakika 90 za Gelsenkirchen peke yake. Na vijana, mukigawana nafasi jumapili, muwe na mmoja wa kukimbia na wengi wa kupasa. Nanyi wakubwa wa ekipi, ile muliyoahidi, mulipe.