Askofu Athanasius na Orodha ya Vitabu 27

Katika majadiliano ya dini baina yetu na Wakristo husikika mara nyingi neno hili kutoka upande wetu: ya kwamba maaskofu walikusanyika Nikea mwaka 325, wakaweka mbele yao Injili nyingi, wakachagua nne na kuziteketeza zilizobaki. Neno hili halina asili. Mkutano wa Nikea ulitoa tamko la imani na kanuni 20, na katika kanuni hizo hapana hata moja ielezayo vitabu vipi visomwe na vipi viachwe. Hoja isiyo na msingi humdhuru mwenye kuitoa kabla ya kumdhuru anayetolewa. Basi mwenye kutaka kujua ni wapi vitabu 27 vya Agano Jipya vilipoorodheshwa kwa mara ya kwanza sawasawa kama vilivyo leo, bila ya kuzidi wala kupungua, na asome habari za mtu mmoja aliyekuwako Nikea akiwa kijana, shemasi na karani wa askofu wake, ambaye hakuiandika orodha hiyo ila baada ya kupita miaka 42. Mtu huyo ni Athanasius wa Iskandaria.

Alizaliwa Misri mwishoni mwa karne ya tatu ya miladi, akakulia katika elimu ya Kiyunani. Ujana wake uliangukia katika fitina kubwa ya mji ule. Kasisi mmoja wa huko, jina lake Arius, alifundisha ya kwamba Mwana ni kiumbe, na kwamba ulikuwako wakati ambao yeye hakuwako. Askofu Alexander alimpinga, na Nikea ikamhukumu. Wako miongoni mwetu wanaompenda Arius hata wakamfanya kama kwamba alikuwa katika tauhidi yetu. Haikuwa hivyo, yeye aliitakidi kuwa huyo Mwana alikuwako kabla ya ulimwengu, na kwamba ulimwengu uliumbwa kwa njia yake. Tusimvike mtu kanzu ambayo hakuishona.

Alexander alipokufa mwaka 328, Athanasius aliwekwa mahali pake, na wapinzani wake wakanung'unika kwamba umri wake haujatimia. Tangu siku hiyo hakupata raha. Mwaka 335 aliitwa mbele ya mkutano wa maaskofu katika mji wa Sur, unaoitwa Tiro katika vitabu vya Wakristo, akashitakiwa kuwa amemuua askofu mmoja, Arsenius, na kumkata mkono ili kuufanyia uchawi. Arsenius alikuwa hai, amefichwa. Akatafutwa, akapatikana, na mikono yake yote miwili iko mahali pake. Lakini mashitaka hayakwisha. Athanasius akatoroka kwa jahazi mpaka Constantinople, akamvizia mfalme Constantine njiani juu ya farasi wake akamwomba haki. Ndipo maadui walipopata la kumtia hofu mfalme: walisema askofu huyu ametishia kuzuia merikebu za nafaka zinazotoka Iskandaria kuulisha mji mkuu. Kwa hilo akahamishwa mpaka Trier, katika Ujerumani ya leo.

Alihamishwa mara tano chini ya wafalme wanne. Aliishi Roma miaka kadhaa. Na mwaka 356 askari waliizunguka kanisa usiku, naye akaponyoka akaenda kujificha kwa watawa wa jangwani hata mwaka 362. Wala yeye hakuwa mwana-kondoo. Imehifadhiwa London barua ya mafunjo ya mwaka 335, iliyoandikwa na mmoja wa watu wa kundi la Meletius lililojitenga naye, yaeleza jinsi wafuasi wa Athanasius walivyowapiga wenzao. Alikuwa mtu wa msimamo, na msimamo wake ulikuwa na fimbo.

Sasa tuje kwenye barua. Ilikuwa ada ya askofu wa Iskandaria kuyapelekea makanisa ya Misri barua kila mwaka ili kutangaza siku ya Pasaka, na ndani yake hutia mawaidha. Mwaka 367, baada ya kurudi kutoka uhamisho wa tano, Athanasius aliandika ile inayohesabiwa kuwa ya 39. Humo alitaja vitabu vya Agano la Kale, akivihesabu 22 kwa hesabu ya Mayahudi, na Esta akamwacha nje. Kisha akavitaja 27 vya Agano Jipya: Injili nne, Matendo ya Mitume, nyaraka saba za Yakobo, Petro, Yohana na Yuda, nyaraka 14 alizozihesabu kuwa za Paulo, na Ufunuo. Akaweka daraja ya pili ya vitabu vinavyofaa kusomewa wanaoingia dini upya, kama Hekima ya Sulemani, Tobiti, Mafundisho ya Mitume na Mchungaji wa Hermas. Vilivyobaki alivikataza, akasema ni uzushi. Hakuficha anayewakusudia: watu wa Meletius walikuwa wakijifakhari kwa vitabu vya siri.

Si kweli kwamba alivizua vitabu hivi au kwamba alichagua kwa kubahatisha. Injili nne zilikuwa zimekwisha kuenea zaidi ya miaka 150 kabla yake. Lakini pembezoni mwa orodha palikuwa na shaka ya zamani. Eusebius wa Kaisaria, aliyekufa yapata mwaka 339, aliandika waziwazi kwamba waraka wa Yakobo, wa Yuda, wa pili wa Petro na wa pili na wa tatu wa Yohana vinabishaniwa, na juu ya Ufunuo akasitasita. Athanasius alivitia vyote bila ya kugusia kuwa palikuwa na mabishano. Alisema ni urithi uliopokewa kwa walioshuhudia tangu mwanzo, asitaje kitabu hiki kimepokewa kwa nani, naye kwa nani. Mwanafunzi yeyote wa hadithi, hata yule wa mwaka wa kwanza, hapo ndipo atakaposimama na kuuliza isnadi.

Wala si kila kanisa lilimfuata. Mikutano ya Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397 ilikubali vitabu hivyo 27, lakini Biblia ya kale ya Kisiriani ina 22 tu katika Agano Jipya. Na la ajabu zaidi ni la Uhabeshi, ndiyo Ethiopia ya leo. Athanasius mwenyewe ndiye aliyemweka Frumentius kuwa askofu wa kwanza wa Aksum, dola ile ile ambayo baadaye Najashi wake aliwapa hifadhi Masahaba. Katika barua yake Athanasius alivikataa vitabu vinavyonasibishwa na Henoko, ambaye wengi katika wanavyuoni wetu husema ndiye Nabii Idris. Lakini kanisa la Uhabeshi huhesabu vitabu 81, na Kitabu cha Henoko kimo. Nacho hakikusalimika kizima ila kwa lugha yao ya Kigeezi.

Huko Misri, Theodore, mkuu wa watawa wa Pachomius, aliamuru barua hiyo ifasiriwe kwa Kikopti na kuwekwa katika nyumba za watawa. Mwaka 1945 wakulima karibu na Nag Hammadi, mahali pasipo mbali na nyumba hizo, walichimbua mtungi wenye majalada 13 ya Kikopti, na ndani yake imo Injili inayonasibishwa na Tomaso. Wataalamu wengine husema yalizikwa kwa kuiogopa barua ile. Wengine wamekataa, kwani hapana hati inayofunga mambo hayo mawili.

Athanasius alikufa tarehe 2 Mei 373, baada ya miaka 45 ya uaskofu, ambayo yapata 17 kati yake ilipita uhamishoni. Mrithi wake, Petro, alifukuzwa mwaka ule ule akakimbilia Roma. Barua yenyewe haikubaki nzima kwa Kiyunani alichoiandikia. Sehemu yake kubwa imetufikia kwa vipande vya Kikopti, kutoka katika nakala za watawa.