Eugène Christophe: Bingwa wa baiskeli za matopeni aliyevunjikiwa uma mara tatu

Na Mwandishi Wetu, Ikungi

KWA mkazi wa Ikungi, mkoani Singida, kushuka kwenye baiskeli na kuibeba begani si habari. Njia zinazoiacha barabara kuu ya Singida kwenda Dodoma na kuelekea vijijini hujaa mchanga wakati wa kiangazi, na mvua zinaponyesha, udongo mweusi wa mbugani hunasa kwenye magurudumu mpaka yagome kuzunguka. Hapo mwenye baiskeli hana budi kuitwika mwenyewe.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba huko Ulaya taabu hiyo ni mchezo wenye mabingwa wa dunia. Unaitwa saiklokrosi, yaani mbio za baiskeli za kukata majani, matope, mchanga na vilima, ambamo mshindani anaruhusiwa, na mara nyingi analazimika, kushuka na kukimbia huku baiskeli ikiwa begani.

Mtu ambaye maisha yake yanaueleza mchezo huo kuliko kitabu chochote cha mafunzo ni Mfaransa Eugène Christophe, aliyefariki dunia mwaka 1970. Anayetaka kuanza mbio hizi, awe wa Ikungi au wa Ubungo, angefaidika kumjua huyu kwanza kabla ya kuulizia bei ya baiskeli.

Christophe alizaliwa Januari 22, 1885 huko Malakoff, kando ya jiji la Paris. Hakutoka katika ukoo wa watu wenye nafasi. Alijifunza kazi ya ufundi wa makufuli, kazi iliyomzoesha chuma, moto na nyundo. Ufundi huo ulikuja kumfaa siku ambayo hakuitegemea.

Aliingia katika mbio za kulipwa mwaka 1904, akiwa kijana wa miaka 19. Wakati huo saiklokrosi ilikuwa bado changa. Mwanajeshi Daniel Gousseau, aliyependa kupita porini na baiskeli yake sambamba na wenzake waliopanda farasi, ndiye aliyeandaa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa Ufaransa mwaka 1902.

Waendesha baiskeli wa barabarani waliyaona mashindano hayo kuwa njia ya kulinda pumzi na nguvu za miguu katika miezi ya baridi, ambapo mbio kubwa husimama. Kukimbia na baiskeli begani huupasha mwili joto, na matope humfundisha mtu kuimudu baiskeli inayoteleza.

Christophe aliyachukulia kwa uzito zaidi ya hapo. Alitwaa ubingwa wa Ufaransa wa saiklokrosi mwaka 1909 na akaushikilia mfululizo hadi 1914. Baada ya vita akaurudia tena mwaka 1921, akiwa na miaka 36. Jumla ni mara saba.

Anayeanza leo atakuta mambo ya msingi hayajabadilika sana. Mzunguko wa njia huwa wa kilometa tatu hivi, na mbio za wakubwa huchukua karibu saa moja. Njiani huwekwa vizuizi vya mbao visivyozidi kimo cha sentimeta 40, ambavyo wengi huviruka kwa miguu. Matairi yake yana meno na hujazwa upepo kidogo ili yashike ardhi.

Kazi kubwa ya mwanafunzi ni kushuka na kupanda bila kusimama. Mguu wa kulia huvushwa nyuma ya kiti wakati baiskeli ingali inakwenda, mshindani akatua upande wa kushoto huku tayari anakimbia, upande ambao hauna mnyororo wa kumchana. Kisha fremu huinuliwa hadi bega la kulia. Kupanda tena ni kurukia kiti kwa paja, na hapo ndipo wageni wengi huumia au kuchekwa. Inashauriwa kujifunza kwanza kwenye majani, polepole, tena bila watazamaji.

Kwa kijana wa Ikungi, kubeba na kusukuma si somo jipya. Atakachokosa ni kasi ya kufanya hayo, na pengine baiskeli nyepesi, kwani zile nzito za kubebea magunia ya alizeti hazikutengenezwa kwa ajili ya kurukwaruka.

Tumrudie Christophe. Aprili 1910 alishinda mbio za Milan-San Remo nchini Italia, umbali wa takriban kilometa 290, katika dhoruba ya theluji. Baridi ilimzidi hata ikabidi aingie katika nyumba ya wageni kuota moto na kuazima nguo kavu, kisha akatoka na kuendelea. Waliotambuliwa rasmi kumaliza walikuwa wanne tu. Ushindi huo ulimlaza hospitali kwa muda wa mwezi mzima.

Miaka miwili baadaye, katika Tour de France ya 1912, alishinda hatua tatu mfululizo, mojawapo akiwa peke yake mbele kwa kilometa 315. Lakini mwaka ule mshindi alipatikana kwa kuhesabu pointi badala ya muda, na Mbelgiji Odile Defraye akachukua nafasi ya kwanza. Christophe akawa wa pili.

Mwaka 1913 hesabu ya muda ilirejeshwa, na wengi waliona kuwa zamu yake imefika. Katika hatua ya sita, kutoka Bayonne hadi Luchon, kilometa 326 kupitia milima ya Pyrenees, Defraye aliyekuwa akiongoza aliishiwa nguvu na kujitoa. Christophe alivuka kilele cha Tourmalet akiwa nyuma kidogo ya Mbelgiji mwingine, Philippe Thys, na kwa jumla ya muda uongozi ulikuwa unaelekea mikononi mwake.

Alipokuwa akiteremka, uma wa mbele wa baiskeli, yaani ile panda ya chuma inayoshika gurudumu, ulivunjika.

Sheria za wakati ule hazikuwa na huruma. Aliyeharibikiwa alipaswa kutengeneza mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu yeyote, na hakuruhusiwa kupewa baiskeli nyingine. Christophe aliitia baiskeli begani, akashika gurudumu mkononi, akaanza kuteremka kwa miguu huku machozi yakimtoka na washindani wenzake wakimpita mmoja baada ya mwingine.

Alitembea kilometa 10 au zaidi hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, ambako msichana mmoja alimwelekeza kwenye karakana ya mhunzi. Mhunzi alikuwapo na alikuwa tayari kusaidia, lakini waamuzi walimkataza asiguse kitu. Fundi wa makufuli akarudia kazi yake ya zamani. Alipasha chuma moto, akakigonga, akakitoboa na kuuunga uma upya, waamuzi wakimtazama.

Kutoboa chuma na kuvukuta moto kwa wakati mmoja kulihitaji mikono zaidi ya miwili. Mvulana mdogo aliyekuwapo akamsaidia kuvuta mivukuto. Kwa kosa hilo Christophe alitozwa adhabu ya dakika 10, ambayo baadaye ilipunguzwa kuwa tatu. Ni vigumu kuielewa adhabu hiyo hata kwa mtu apendaye sheria, kwa sababu aliyeadhibiwa alikuwa amekwisha kupoteza muda unaokaribia saa nne.

Aliendelea na safari. Alifika Luchon, akazimaliza mbio zote hadi Paris na kushika nafasi ya saba. Mshindi alikuwa Thys.

Inafaa kueleza hapa kwamba saiklokrosi ya leo ina sehemu maalumu ya matengenezo, ambako mshindani hupokea baiskeli safi kutoka kwa wasaidizi wake, tena mara nyingi katika mbio moja. Anayeanza akiwa na baiskeli moja tu na bila msaidizi yumo katika hali ile ile ya Christophe, na mfuko mdogo wa spana na viraka si wa kuuacha nyumbani.

Vita Kuu ya Kwanza ilizisimamisha mbio hizo kuanzia 1915 hadi 1918. Christophe alitumikia katika kikosi cha askari wa baiskeli. Tour iliporejea mwaka 1919 alikuwa na miaka 34, na barabara za kaskazini mwa Ufaransa zilikuwa zimechimbuliwa na mizinga.

Mwaka huo waandaaji waliamua kumvika kiongozi vazi la kumtambulisha. Julai 19, 1919, mjini Grenoble, Christophe akawa mtu wa kwanza kuvaa jezi ya njano ambayo leo inajulikana dunia nzima. Baadhi ya watazamaji walimtania kwa kumfananisha na ndege wa manjano.

Zikiwa zimebaki hatua mbili tu, alikuwa mbele kwa karibu nusu saa. Katika hatua ya kutoka Metz hadi Dunkerque, kilometa 468, uma ulivunjika tena karibu na Valenciennes. Alitafuta karakana, akautengeneza kwa mikono yake, na zaidi ya saa moja ikapotea. Firmin Lambot wa Ubelgiji akashinda, Christophe akawa wa tatu kati ya watu wachache waliofika Paris.

Wafaransa walichangishana kumfariji. Michango ilipita faranga 13,000, kiasi kilichozidi zawadi ya mshindi.

Mwaka 1920 alishinda mbio za Paris-Tours na Bordeaux-Paris. Mwaka 1922 alivaa tena jezi ya njano akiwa na miaka 37, mkongwe kuliko mwingine yeyote aliyewahi kuivaa. Mwaka huo huo uma wake ulivunjika kwa mara ya tatu, safari hii katika mlima Galibier.

Alishiriki Tour de France ya mwisho mwaka 1925, akiwa na miaka 40. Mwaka uliofuata aliacha mbio za kulipwa. Jina lake liliendelea kuonekana kwenye vishikio vya chuma vinavyoubana mguu wa mpanda baiskeli kwenye pedali, vilivyotumiwa na vizazi kadhaa.

Aliishi kuona mchezo wake wa matopeni ukikua. Mashindano ya kwanza ya dunia ya saiklokrosi yalifanyika Paris mwaka 1950, na mshindi alikuwa Mfaransa Jean Robic, ambaye mwaka 1947 alikuwa ameshinda Tour de France, taji ambalo Christophe hakulipata.

Christophe alifariki Februari 1, 1970 jijini Paris, siku chache baada ya kutimiza miaka 85. Huko Sainte-Marie-de-Campan, kwenye ile karakana, liko bamba la ukumbusho wa tukio la 1913, na wapanda baiskeli wanaoteremka Tourmalet husimama kulitazama kabla ya kuanza kuupanda mlima wa Aspin.